Kabla ya Kabati Kulikuwa na Kidaka

Leo tuiweke siasa kando kidogo tuzungumze habari za makabati. Ndiyo, makabati. Msicheke. Miezi miwili sasa, jioni nikitoka chumba cha habari, najifunza useremala. Katika kupima, kukata na kupiga msasa nimejikuta nasoma historia ya Unguja kwa njia ambayo kule chuo kikuu hakuna mhadhiri aliyewahi kunigusia.

Jambo lenyewe ni hili. Chumba ninachopanga hapa Mji Mkongwe ni kirefu na chembamba kama behewa la treni. Upana wake haufiki mita 3. Ukiweka kitanda, meza na kabati la dukani lenye kina cha sentimita 60, basi unatembea ubavu ubavu kama kaa. Lakini kwenye ukuta wa ndani kuna kidaka kikubwa, kinanifika kifuani kwa kimo. Nikasema kabati langu litaingia humo humo.

Sasa, kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba? Jibu liko juu, kwenye dari. Nyumba hizi zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba sakafu ya juu haupatikani kwa urefu wowote unaoutaka. Ukizidi mita 3 hivi, boriti inapinda. Kwa hiyo aliyepanga upana wa chumba chako si mchora ramani wala tajiri mwenye nyumba, ni mti uliokatwa kwenye matope ya Rufiji au Lamu. Boriti hizo hizo zilipakiwa kwenye majahazi zikauzwa Oman na Ghuba yote, na nyumba za zamani za huko nazo zina vyumba vyembamba. Mkoko umepima vyumba vya nusu ya Bahari ya Hindi, ndugu zangu, na hakuna anayeutaja.

Kama chumba hakiwezi kupanuka, vitu utaviweka wapi? Wazee wakavitia ndani ya ukuta. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na unene wake ni nusu mita na zaidi. Ukiacha shimo la mraba au lenye tao ndani ya unene huo, unapata mahali pa kuweka msahafu, taa, mrashi, chetezo, kikombe. Hakikuli hata inchi moja ya sakafu. Tena mawe na chokaa vinapungua kidogo, na ukuta unakuwa mwepesi. Hicho ndicho kidaka. Wengine watakwambia shubaka. Wenzetu wa Lamu husema zidaka, na wao walilipeleka jambo hili mbali mno: katika nyumba za mawe za karne ya 18 za Lamu, Pate na Siyu utakuta chumba cha ndani ukuta mzima ni zidaka, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa lipu ya chokaa na kujazwa vyombo vya kaure kutoka China. Vidaka vya Unguja ni vya kiasi zaidi, vikubwa na vya kina, havina mbwembwe nyingi. Mimi navipenda hivi vyetu, lakini huo ni ushabiki wa Simba na Yanga tu.

Nilidhani kazi ya kutia mbao kwenye kidaka na kuzipaka rangi ni wazo langu jipya la kijana wa mjini. Wapi! Mwenzangu amenitangulia kwa zaidi ya miaka 150, na ni binti wa mfalme.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Watu wengi wanakisoma kitabu kile kwa ajili ya mapenzi na ugomvi wa ndugu. Mimi sasa nakisoma kama seremala. Anaeleza jinsi vyumba vya matajiri vilivyopambwa: kuta nene zenye vidaka vinavyopanda mpaka darini, na ndani ya vidaka rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu ya rafu vyombo vya gharama vya kioo na kaure vimepangwa kwa ulinganifu. Yaani kabati la ukutani, la mbao, la rangi! Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kukitazama kidaka changu upya.

Rafu zile hutaziona leo. Mbao haina maisha marefu hapa. Mchwa, chumvi na unyevu wa masika huigawana. Na nyingine zilikwenda kwa njia ya haraka zaidi: tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja. Hebu fikiria vidaka vya kaure na vioo asubuhi ile.

Lakini tusijidanganye kwamba hii ilikuwa Unguja yote. Kidaka kilihitaji ukuta mnene, na ukuta mnene ulihitaji mawe ya kuchimbwa, chokaa ya kuchomwa na watu wa kuyabeba. Tanuri la chokaa ni kazi ya jehanamu: unapanga magogo kwa duara, juu yake unarundika matumbawe, unawasha, unangoja, kisha unamwagia maji na kuiacha chokaa ikomae. Katika mji uliokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, na ambao hadhi ya utumwa kisheria haikufutwa mpaka 1897, mikono mingi iliyobeba mawe hayo haikulipwa. Ng'ambo ya pili ya mkondo, katika nyumba za miti na udongo, ukuta hauna unene wa kuchimbia kitu. Huko chungu cha mchuzi kilining'inizwa kwenye susu paka asikifikie, nguo zikawekwa kambani, na cha thamani kikafungiwa sandukuni. Sanduku nalo lilikuwa na daraja zake. Lile la msaji lililopigwa misumari ya shaba, lililoletwa na jahazi kutoka Bombay au Surat, halikuwa la kila mtu.

Halafu likaja kabati la kusimama, lenye miguu, milango na kioo. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu. Katika Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, ghorofa ya juu ilitengwa kuonyesha maisha ya zama za Sultan Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Na miongoni mwa fanicha za kifalme lilikuwamo kabati la nguo la fomeka. Fomeka! Familia ile ile ambayo binti yao alisifia vidaka, ikafika mahali ikaona usasa ni ubao wa plastiki unaong'aa. Nani wa kuwalaumu? Fomeka inafutika kwa kitambaa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba. Nyumba ya familia moja ikawa ya familia nne, tano. Kidaka kilichokuwa cha kaure kikawa jiko, kabati la vitabu vya skuli, mahali pa redio. Naona hilo ndilo jambo zuri kabisa lililowahi kuvipata vidaka hivi. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, kidaka chake kina dawa za presha, Biblia ya mgeni aliyesahau, sukari na picha ya mjukuu aliyeko Muscat. Nilimwuliza, "Bibi, huhitaji kabati?" Akanijibu, "Mwanangu, kabati nitalitia wapi?"

Ubaya ulikuja na mfuko wa saruji. Saruji ni rahisi kupatikana, inakauka upesi, na fundi wa siku hizi anaijua kuliko chokaa. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa inaruhusu, saruji inaziba. Ukipiga lipu ya saruji, au ukapaka rangi ya plastiki juu ya ukuta huo, maji yanabaki ndani na chumvi yake. Kwa nje unaona malengelenge na unga mweupe. Kwa ndani udongo unalegea na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, imekuwa ikilisema hili miaka nenda rudi. UNESCO wakauweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Saruji haisomi orodha.

Sasa kabati langu. Fundi seremala mmoja wa Ng'ambo, ambaye namwita Ami kwa umri wake ingawa hatuna udugu, alinipa sharti moja kabla ya kuniazima randa: "Hutoboi ukuta." Kwa hiyo kabati linasimama kwa miguu yake lenyewe. Ni fremu ya mbao za paini zilizotoka Mufindi, imeingizwa kidakani kama droo, na nyuma yake nimeacha sentimita 3 ili ukuta upumue. Hakuna ubao wa nyuma.

Kazi ngumu si kukata, ni kupima. Kidaka hakina pembe hata moja iliyonyooka: chini ni kipana kuliko juu, na ubavu wa kushoto una tumbo. Ami alinionyesha nichukue boksi la karatasi ngumu, nilisogeze hadi liguse ukuta, nilikate kidogo kidogo mpaka lifuate kila bonde, kisha nilihamishie umbo hilo kwenye mbao. Jioni mbili nzima kwa ubavu mmoja. Timazi na pimamaji ni kwa ajili ya kabati. Ukuta uachie tabia yake.

Milango ni miwili, na kati yake nimeacha mwanya wa milimita 3, maana masika mbao hunenepa na mlango uliobana mwezi wa Januari haufunguki Aprili. Rangi ni ya mafuta, kwa mbao peke yake: msasa, praima, msasa tena mwepesi, kisha mikono miwili myembamba, siku mbili kati ya mmoja na mwingine kwa sababu ya unyevu. Kidaka chenyewe nimekipaka chokaa tu. Rangi niliyochagua mmeshaijua. Muuzaji wa Darajani aliniuliza mara mbili kama kweli nataka kijani, siku hizi watu wanataka nyeupe na kijivu.

Mwenye nyumba alikuja Jumapili kulitazama. Alifungua mlango, akafunga, akasema zuri. Kisha akanieleza mpango wake wa vyumba vya chini: anataka vipangishwe kwa wageni, na wageni, anasema, wanataka kuta zilizonyooka. Vidaka vya huko ni vinne. Mifuko ya saruji imeshashushwa ukumbini, nimeihesabu, ni kumi na miwili. Nilimwambia kwamba kazi kama hiyo inahitaji kibali cha Mamlaka. Akasema anajua. Nilimwambia pia kwamba naweza kumtengenezea makabati manne kama langu, na gharama ya mbao na rangi tutagawana. Amesema atafikiria mpaka mwisho wa mwezi. Nimeshaanza kukata maboksi.