Bao la wazee na daftari la mtafiti

Ukiitafuta Narung'ombe vitabuni, utaikuta kwenye sura za vita. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakiteremka kusini kutoka Kilwa yalikutana hapo na kikosi cha Kapteni Eberhard von Lieberman wa Ujerumani. Waafrika wa King's African Rifles wakapigana na Waafrika wenzao waliovaa sare za Mjerumani. Vita vikahamia Mahiwa, na vitabu navyo vikahama. Leo Narung'ombe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, nchi ya ufuta na korosho, na mzee anayekusimulia habari za mwaka ule naye alizisikia kwa babu yake.

Vita hivyo tuviache. Ninachouliza ni hiki: wenye kalamu na daftari walianza lini kumtazama mzee wa kusini kwa ajili yake mwenyewe? Anapitishaje siku, anacheza nini, anaongea na nani jua likishatua?

Walichelewa sana. Mwanzoni walimjia kwa kile alichokuwa amekihifadhi. Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig aliteremka Lindi, akapanda hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya filamu, akanasa nyimbo na ngoma. Miaka 62 baadaye, mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliingia vijijini kukusanya kumbukumbu za vita vya Maji Maji. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 moto ulipowaka mwaka 1905 alikuwa sasa na miaka 78. Akakalishwa, akaulizwa, akasikilizwa na vijana waliotoka mbali kwa ajili yake.

Mradi ule ulifanya historia ya vita vile iandikwe upya, na heshima hiyo ni yake. Lakini naamini kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipima: mzee kupata mtu wa kumsikiliza. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, alikuwa amekwisha kuandika kwamba mzee anayerudia rudia habari za ujana wake hajachanganyikiwa. Anayapanga maisha yake, na ni kazi ya umri ule. Bibi zetu wasingehitaji kuambiwa hivyo, ila hospitali zilihitaji.

Kisha kuna bao, na hapa tukae kidogo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na nyingine 22 mkononi. Katika awamu ya namua anaziingiza moja moja. Zikiisha mkononi, mnaingia mtaji, na hapo mkono mmoja unaweza kuzunguka, kula, kuzunguka tena na kula tena mpaka mtazamaji apoteze hesabu. Mchezaji hapotezi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliutungia mchezo huu shairi, na Mwalimu Nyerere aliupenda. Asiye na ubao wa kuchonga huchimba mashimo ardhini, na asiye na komwe huokota vijiwe. Gharama yake ni kivuli na mtu wa pili.

Mtafiti aliyelichukulia bao kwa uzito wake ni Mholanzi Alex de Voogt. Alikaa Unguja na mabingwa, na mwaka 1995 akatoa utafiti wake juu ya umahiri wao: namna wanavyoiona kichwani mizunguko kadhaa ya kete kabla ya kugusa hata moja. Alichokitafuta ni mipaka ya akili ya binadamu. Hali ya wazee kama wazee haikuwa shabaha yake, lakini ukimsoma huwezi tena kusema wale wa chini ya mwembe wanapoteza muda.

Wenzake wa nchi za mbali walikuwa na swali la kitabibu zaidi. Mwaka 2003 Joe Verghese na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75: waliosoma, waliocheza michezo ya ubaoni, waliopiga ala za muziki na waliocheza dansi walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2013 Wafaransa wa Bordeaux wakatoa yao, ya watu 3,675 waliofuatiliwa kwa miaka 20. Wacheza michezo ya ubaoni walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 15. Ila walipozingatia hali ya akili na huzuni aliyokuwa nayo kila mmoja siku ya kwanza, tofauti ile ikakaribia kwisha. Yawezekana basi kwamba bao huilinda akili. Yawezekana pia kwamba mwenye akili timamu na moyo mkunjufu ndiye anayeendelea kulifuata bao. Atakayekuambia jambo hili limekwisha kuamuliwa anakuuzia kitu.

Tanzania utafiti wenyewe ulikuja kwa mlango wa Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita vijiji sita wakiwaona wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokutwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walikuwa asilimia 6.4, kiwango kisicho mbali na cha Ulaya. Hoja ya kwamba maradhi haya ni ya wazungu ikaishia hapo. Kulikuwa na tatizo la vipimo, kwa kuwa vile vya Ulaya humtaka mtu achore kwa kalamu, na wengi wa wazee wale hawakuwahi kukaa darasani. Wakatumia kipimo kingine ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa. Njiti kila mtu anazijua.

Kisha ikaja tiba, na tiba yenyewe ilikuwa burudani. London, Aimee Spector na Martin Orrell walikuwa wamebuni vikao 14, viwili kwa wiki kwa wiki saba: nyimbo, michezo, chakula, habari za utotoni, bei za vitu, mafumbo. Mpango huo ukatengenezwa upya kwa mazingira ya Hai na kujaribiwa kwa wazee 34 waliokwisha kuugua. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha uwezo wa akili ukipanda na wasiwasi ukipungua. Watu 34 ni wachache, na hakuna anayedai walipona. Lakini katika nchi ambayo dawa za ugonjwa huu ni shida kupatikana, wimbo na mazungumzo yaliyopangwa ndiyo yaliyopo.

Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania karibu milioni 3.5 wenye miaka 60 na zaidi, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inauita uzee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wenye miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nami naihesabu pensheni hiyo kuwa sehemu ya habari hii hii, maana bao halinogi kwa mwenye njaa.

Mada za vikao kama vile vya Hai, upande wa Ruangwa na Nachingwea, hazihitaji kuagizwa kutoka London. Mwenye miaka 85 leo alikuwa mtoto Waingereza walipofyeka misitu ya Nachingwea kwa trekta kupanda karanga, mradi uliokufa mwaka 1951. Ameiona reli ya Mtwara ikijengwa na kung'olewa. Amekaa jirani na wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Wajukuu watamletea ya Namungo, timu ya mpira ya Ruangwa.

Kazi iko kwa akina mama. Bao la kivulini ni la wanaume, na utafiti uliojengwa juu ya bao utawaacha nje walio wengi kati ya wakongwe. Burudani ya bibi wa kusini, tena iliyokuwa na cheo ndani yake, ni ngoma na unyago: nyakanga, mwalimu wa unyago, alitafutwa na kuheshimiwa kwa sababu ya uzee wake. Hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, alipoziingiza mila hizi kanisani badala ya kuzipiga marufuku, hakuweza kufanya lolote bila wazee wanaozijua. Unguja, Bi Kidude alipiga ngoma za unyago hadi ukongweni, karibu na kifo chake mwaka 2013.

Atakayeleta vikao vile 14 Narung'ombe aangalie pia kalenda. Wiki saba zikiangukia Oktoba na Novemba, msimu wa korosho, babu na bibi hatawakuta nyumbani. Watakuwa shambani wanaokota.