Kosa la Jicho au la Mtutu?

Wasafiri kadhaa wa Kizungu wa karne ya 19 walidai katika vitabu vyao kwamba mtu wa bara ya Afrika ya Mashariki, apewapo bunduki, hupiga ovyo. Dai hilo limeaminiwa kwa wepesi mno. Yafaa tuulize kwanza: kosa lilikuwa la jicho, au la mtutu?

Bunduki yenyewe aghalabu ilikuwa gobori. Mtutu wake ni laini ndani, na goroli yake hufanywa ndogo kuliko tundu ili ishindiliwe upesi. Baruti iwakapo, goroli hugonga huku na huku, na upande igongao mwisho ndio uamuao iendako. Baruti nayo, ikipimwa kwa kukisia, hutoa nguvu isiyo moja; ikinywa unyevu hudhoofika, na masizi yake huziba mtutu. Kwa hiyo risasi mbili za mtu mmoja, zilizolengwa mahali pamoja, hazifuati njia moja. Kupita mita 80 hivi, hodari na mwanafunzi karibu ni sawa.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha julikana Ulaya: mifuo ya mzunguko ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi na kuinyosha mwendo. Lakini Mkataba wa Brussels wa 1890, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za namna hiyo zisiwafikie wenyeji wa nchi zilizo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Gumegume zisizo na mifuo ziliruhusiwa kwa masharti. Basi upungufu wa shabaha uliwekewa sheria, kisha ukaitwa tabia ya watu.

Natta, magharibi ya Serengeti, imo ndani ya mipaka hiyo. Huko wawindaji walitegemea upinde na mshale wa sumu, wala hatuna haja ya kuuita huo ujinga. Mshale ukipinda, manyoya yakilegea au upote ukichoka, mwindaji huliona kosa kwa macho yake na kulitengeneza kwa mkono wake. Sumu, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki hupikwa kwa msunguti, hufidia kosa dogo la kulenga, kwa kuwa husimamisha moyo hata jeraha likiwa pajani. Tena upinde hauna moshi.

Wajerumani walijenga ngome Ikoma, jirani na Natta, mwanzoni mwa karne ya 20. Vita vilipoanza 1914, askari wao wengi walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake ulimficha adui na kumfichua mpigaji.

Basi mwanahistoria asomapo habari za risasi iliyokosa, na afanye kama fundi wa bunduki: akague baruti, goroli na mtutu, kimoja kimoja, kisha asome sheria iliyoamua mtutu upi uuzwe kwa nani. Jicho la mwindaji na lihukumiwe mwisho.