Historia ya Kasulo si mambo matano



Siku hizi kila anayeandika juu ya Kolwezi anaandika kwa namba. "Mambo matano ya kujua kuhusu kobalti." La kwanza: Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. La pili: inaingia katika betri za simu na magari. La tatu: watoto nao wanafanya kazi machimboni. La nne: mashimo yanabomoka. La tano: Kasulo ilizungushiwa ukuta. Yote ni kweli. Lakini ukifika namba tano, bado huwezi kumjibu mtoto akikuuliza: kwa nini watu walitoboa sakafu za nyumba zao wenyewe?

Jibu halimo katika namba yoyote. Limo katikati ya namba, pale mwandishi aliporuka.

Tuanze nyuma kidogo. Baba zetu walikuwa na kazi. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi mshahara, nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mashine zikazeeka, fedha hazikurudi kuzitengeneza. Kufika mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2003 ikaja ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655 wakaondoka. Hiyo nayo ilikuwa orodha: jina, namba ya kazi, kiasi cha fedha. Orodha haikuandika kwamba fedha ile iliisha, na kwamba mtoto wa aliyeondoka alishika sururu na koleo kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine.

Basi mwaka 2014, ilipojulikana kwamba chini ya parseli za Kasulo kuna kobalti, watu walichimba. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu ambao kampuni iliyowalea ilikuwa imekwisha kuanguka, na sasa mali ilikuwa chini ya kitanda. Mashimo yakafuata mshipa, yakapita chini ya ukuta wa jirani, na wengine wakafia humo.

Na kwa sababu hiyo tena, mwaka 2017 serikali ya jimbo ikakubaliana na kampuni ya Congo Dongfang, ya kundi la Huayou la China. Sehemu ya kartie ikafungwa. Familia zaidi ya 500 zikahama: wengine walichukua fedha, wengine nyumba Samukinda. Orodha nyingine tena. Iliandika nyumba. Mwembe wa uani, jirani aliyekukopesha unga, kaburi ulilolizoea kulipitia, hayo hayana mahali katika orodha.

Sisemi orodha ni mbaya. Anayedai malipo anahitaji orodha, tena iliyoandikwa vizuri. Lakini orodha inahesabu tu, haielezi. Namba tatu haina deni kwa namba mbili. Ukisoma hivyo, masumbuko yetu yanaonekana kama mvua, yameanguka tu, hakuna aliyeamua kitu.

Wazee wetu walijua njia nyingine. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kwa ajili ya watu waliokuwa maboi wa nyumba za Wazungu. Kitabu kinaitwa "Vocabulaire", ungedhani ni orodha ya maneno. Ukikifungua unakuta mtu anasimulia: nani alikuja, nani aliamuru, nani alilipa kwa jasho.

Ninyi mliotawanyika, ninawaomba hili. Jioni moja, mwambieni mtoto habari za nyumba yenu ya Kasulo. Msimpe mambo matano. Anzeni na babu yake alifanya kazi wapi, na kila mkifika mwisho wa jambo moja, semeni "kwa sababu hiyo", kisha endeleeni. Mkiweza, mrekodini kwa simu. Tusipofanya hivyo, kitakachobaki ni orodha zilizoandikwa na wengine.