Kifaransa shule ya msingi: hiari ya nani?

UZI: Huu mjadala wa watoto wadogo kufundishwa Kifaransa hauishi. Kabla hujachagua upande, tupitie historia kidogo.

1/ Mwaka 1964 tume ya Ominde ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shule ya msingi. Sawa. Lakini kilianza kutahiniwa lini? 1985, 8-4-4 ilipoingia. Miaka 21 ya "lazima" ya karatasi.

2/ CBC nayo ikaleta Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina kuanzia gredi ya nne. Ila ni za hiari.

3/ Hiari ya nani sasa? Hapa Hurlingham, kwenye Argwings Kodhek, kuna Lycée Denis Diderot, shule ya Kifaransa kabisa. Kilomita chache tu, Kibera, shule ya serikali isiyo na mwalimu wa Kifaransa haina cha kuchagua.

4/ Wanaotetea wana hoja: Rwanda na Burundi waliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Kongo 2022. Soko liko. Wanaopinga pia wana hoja: mfanyabiashara wa Goma anaongea Kiswahili, na sisi chetu bado tunakihangaikia.

5/ Kwa hivyo mtu akiahidi Kifaransa jukwaani, usipige makofi wala kuzomea kwanza. Muulize: TSC itaajiri walimu wangapi, na shule zipi zitaanza? Akikosa jibu, hiyo ni "lazima" ya 1964 tena.