Siku Tatu Mikindani

Tuliteremka kutoka Newala, mimi, mke wangu na watoto, tukapumzika siku tatu Mikindani. Kwetu juu maji ni ya kuhangaikia. Hapa watoto waliyachezea kutwa.

Siku ya pili raha ilinitoka. Pwani hii waliteremshwa watu wa bara, makongwa shingoni, wakauzwe. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho, akakuta njiani maiti za watumwa. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, wakashukia Lindi. Walipofika Masasi wakakataa kuendelea, wakajenga.

Marehemu bibi hakukubali kamwe kuiona bahari. Sikumwuliza sababu.

Siku ya tatu nilioga, tukapanda basi kurudi nyumbani. Wengi hawakuijaliwa safari hiyo.