Usingizi kisha AVC: kukoroma si kulala muzuri

Mugonjwa wa AVC akirudi nyumbani, kila mutu anaona mukono usioinuka na muguu unaokokotwa. Shida ya usingizi haionekani haraka. Anasinzia mchana, usiku anakoroma, na jamaa wanasema: mumuache, anapumzika. Wengine wanasema amekuwa muvivu. Mara nyingi si hivi wala vile.

AVC inakuja wakati mushipa wa damu katika ubongo unaziba ama unapasuka. Na ni ubongo huo huo unaoongoza usingizi na pumzi. Sehemu ya katikati, talamasi, ikiumia, mutu anaweza kulala masaa mengi kila siku, kwa wiki nyingi.

Lakini ile inayoonekana zaidi ni apne, ni kusema pumzi kukatika usiku. Zaidi ya nusu ya watu waliopata AVC wako nayo. Koo inajifunga, mugonjwa ananyamaza segonde 10 ama zaidi, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mutu aliyetoka chini ya maji. Inarudia mara nyingi kwa saa moja. Oksijeni inashuka, tansio inapanda, na ubongo unaotafuta kupona haupumziki. Asubuhi kichwa kinauma, saa ya kula anasinzia mbele ya sahani. Tena, apne inaongeza hatari ya AVC ingine. Wengi walikuwa nayo hata mbele ya kugonjwa, na hakuna aliyejua.

Wengine wanakosa usingizi kabisa, juu ya maumivu ya bega la upande uliopooza, mawazo, huzuni ama mukojo. Pengine ni dawa ya tansio yenye kukojolesha ndiyo inanywewa jioni. Munganga anaweza kubadilisha saa yake. Mutu asijibadilishie mwenyewe.

Jamaa wakichoka, wanakimbia kwenye farmasi kununua diazepamu bila karatasi ya munganga. Hapo ndipo hatari iko. Kwa mwenye apne, dawa hiyo inalegeza koo na kupunguza pumzi. Kwa anayetembea na fimbo, inaweza kumuangusha akienda choo usiku. Pombe ya jioni pia ni vile vile.

Shahidi wa kwanza ni yule anayelala chumba kimoja na mugonjwa. Ahesabu pumzi inakatika mara ngapi, ama arekodi sauti na simu, aipeleke kwa munganga. Kumulaza ubavu, na mto nyuma ya mugongo, kunasaidia kuliko kumulaza chali. Kuko pia mashini inayosukuma hewa puani usiku kucha, lakini inaomba umeme usiokatika, na hapo kila mukaaji anajua hesabu yake. Mchana, mugonjwa atolewe inje kwenye mwangaza, na usingizi wa mchana usipite nusu saa, isipokuwa munganga amesema vingine.

Lakini mugonjwa aliyekuwa anaamka vizuri, na kwa ghafla haamshiki, ama mudomo unapinda upya, huyo halali. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.