Joy Division Jukwaani: Sauti Ambayo Studio Haikuinasa

Anayeifahamu Joy Division kwa santuri ya Unknown Pleasures tu hujenga picha ya vijana wanne wapole, wenye huzuni, wanaopiga muziki kwa mbali kana kwamba wako kwenye ghala tupu. Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine imo kwenye kanda za maonyesho yao.

Santuri hiyo ilirekodiwa mwaka 1979 katika studio ya Strawberry mjini Stockport, karibu na Manchester, chini ya prodyuza Martin Hannett. Hannett aliipa kila ala nafasi yake na kuizungushia ukimya. Aliingiza mlio wa lifti katika wimbo mmoja na wa vioo vinavyovunjika katika mwingine. Kazi hiyo ilisifiwa, na ilistahili. Ila mpiga gitaa Bernard Sumner na mpiga besi Peter Hook hawakuifurahia. Wao walilelewa na panki: mwaka 1976 walikuwa ukumbini Manchester siku Sex Pistols walipopiga, na muda mfupi baadaye wakaanzisha bendi. Jukwaani walipiga kwa nguvu na kwa kelele, na nguvu hiyo hawakuisikia kwenye santuri.

Malalamiko yao yanaeleweka ukisikiliza onyesho la Paris la tarehe 18 Desemba 1979. Lilifanyika Les Bains Douches, klabu iliyofunguliwa ndani ya jengo la karne ya 19 lililowahi kuwa bafu la umma, na redio ya Ufaransa ikalirekodi. “Disorder” inaanza kwa kasi ya watu wanaofukuzwa. Ngoma za Stephen Morris, ambazo studioni zilitengwa kipande kwa kipande, hapa zinagonga kwa pamoja bila kupumua. Gitaa la Sumner linakwaruza. Hook anapiga besi kwenye nyuzi za juu, mtindo aliouzoea kwa sababu kikuza sauti chake cha zamani hakikumwezesha kusikia noti za chini. Juu ya yote hayo sauti nzito ya Ian Curtis inapanda kutoka kunong’ona hadi kupayuka. Huzuni ipo, lakini ni huzuni yenye jasho. Rekodi hiyo ilitolewa rasmi mwaka 2001, pamoja na nyimbo za maonyesho ya Amsterdam na Eindhoven ya Januari 1980, na kwa masikio ya mwandishi huyu hakuna nyingine inayoifikia.

Onyesho la Preston la Februari 28, 1980 ni kinyume chake: vyombo viliharibika kimoja baada ya kingine, na kanda ikanasa kila hitilafu. Nayo ilitolewa, mwaka 1999.

Kanda iliyo ngumu zaidi kuisikiliza ni ya Birmingham. Mei 2, 1980 bendi ilipiga kwenye ukumbi wa High Hall katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Curtis alikuwa akiugua kifafa tangu mwishoni mwa 1978, na ratiba ya usiku baada ya usiku, chini ya taa kali, ilikuwa ikimmaliza. Usiku huo aliondoka jukwaani kabla “Decades” haijaisha, kisha akarudi kuimba “Digital”. Mei 18, siku moja kabla ya safari ya kwanza ya bendi kwenda Marekani, alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Onyesho hilo, la mwisho katika maisha yake, lilijaza santuri ya pili ya Still, albamu ambayo kampuni ya Factory iliitoa Oktoba 1981, wakati kanda za magendo za bendi zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kuruka. Linafunguliwa na “Ceremony”, wimbo mpya ambao Joy Division waliupiga mbele ya watu mara hiyo moja tu, na mwanzo wake haukunaswa sawasawa.

Watatu waliobaki walitaka kuurekodi upya, lakini maneno ya wimbo hayakuwa yameandikwa popote walipoweza kuyapata. Sumner alirudi kwenye kanda hafifu zilizosalia na kuzipitisha kwenye ikwalaiza ili sauti ya Curtis itokeze juu ya vyombo, huku akiyaokota maneno kadiri alivyoyasikia. Mwaka 1981, sasa wakijiita New Order, waliutoa kuwa single yao ya kwanza.